Tumbo la Mnyonge Halina Mizani



Khabari tunayoileta leo si ya viti wala ya kura. Ni khabari ya tumbo. Huenda wapo watakaotabasamu na kusema kwamba gazeti la chama limeishiwa na maneno hata likaja kutuandikia mambo ya chooni. Tunawaomba ndugu hao wavumilie mpaka mwisho, kwani sisi tumeona kwa macho yetu kwamba tumbo laweza kumnyang'anya mtu shamba lake upesi kuliko mahakama.

Twaandika kutoka Kifungilo, juu ya milima ya Usambara, mwendo mfupi kutoka mji wa Lushoto. Wanachama hawatastaajabu, maana hakuna pembe ya bara asikofungua duka Mpemba. Hapa ni baridi, watu ni wakulima wa kabichi, karoti na viazi, na jirani zetu wakubwa ni masista wa Kikatoliki na skuli yao ya wasichana. Sisi twauza sukari, unga, sabuni na madaftari ya skuli. Udaktari hatukuusoma. Tulisoma chuoni mbele ya mwalimu, tukapata na madarasa machache ya skuli, na yaliyobaki tumefunzwa na mizani na daftari la mikopo. Lakini daftari la mikopo, ndugu zetu, halisemi uongo kama zisemavyo hotuba nyingi. Ukilisoma kwa makini utajua nyumba gani ina harusi, nyumba gani ina msiba, na nyumba gani mna mtu anayeumwa tumbo.

Tunaye jirani mmoja, mkulima, ambaye jina lake hatuna haja ya kulitaja. Miaka miwili tumemwona akipungua. Mara ya kwanza aliposhikwa na maumivu chini ya kifua aliambiwa kuwa ni vidonda vya tumbo, akapewa vidonge vya kutuliza asidi. Aliporudi aliambiwa ni taifodi, akachomwa sindano. Akarudi tena, ikawa ni taifodi tena. Mara ya nne ikawa ni amiba. Kila mara alilipa, na kila mara lililolipa ni jasho lake: kwanza magunia ya viazi, kisha mtamba wa ng'ombe, kisha akaweka rehani nusu ya kiunga chake cha bondeni. Siku moja akatapika damu. Ndipo watu wakachangishana, akateremshwa mlimani mpaka Mombo, na kutoka hapo akasafirishwa kwenda mjini. Huko aliingizwa kooni mpira mwembamba wenye taa na kamera, na daktari akakiona kidonda kwa macho yake, akachukua kipande kidogo cha nyama na kukipima. Akapewa vidonge vya siku 14. Alhamdulillahi, leo amepona.

Aliporudi alikuja dukani tukapiga hesabu pamoja. Tulipomaliza, sote wawili tulinyamaza. Dawa iliyomponya ilikuwa rahisi kuliko nauli ya kuifuata. Ng'ombe, kiunga na viazi vyote vilikwenda kulipia jambo moja tu, nalo ni kutojua. Na bei ya kutojua ilikuwa kubwa kuliko bei ya dawa mara nyingi sana.

Twauliza: ni nani wa kulaumiwa? Hatumlaumu mganga wa zahanati. Ukimkabidhi mtu duka lisilo na mizani, ukamwambia auze mchele kwa kukisia kwa mkono, je, atakapowapunja watu utamlaumu yeye, au utamlaumu aliyempa duka bila ya mizani? Maumivu ya tumbo ni mamoja, lakini sababu zake ni nyingi: vidonda, minyoo, amiba, homa ya matumbo, mawe katika nyongo, ugonjwa wa ini, na katika wachache saratani. Zote hizo mgonjwa huzieleza kwa maneno yale yale, akishika mahali pale pale. Mganga asiye na kipimo hana njia ila kukisia, na akikisia hukisia ugonjwa ambao dawa yake anayo kabatini.

Tena kipimo kibaya ni khatari kuliko kukosa kipimo, maana huvaa kanzu ya elimu. Chukueni mfano wa kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896 na hadi leo kinatumiwa Afrika nzima. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha utafiti walioufanya katika hospitali ya Muheza, mji ambao basi letu huupita likielekea Tanga. Waliwapima watoto waliolazwa kwa kipimo hiki, wakalinganisha na uoteshaji wa vijidudu kutoka katika damu, ambao ndio ushahidi wenyewe. Wakakuta kwamba kipimo kikisema hapana taifodi, huaminika. Lakini kikisema ipo, wengi wa walioambiwa wanayo hawakuwa nayo. Basi ni watu wangapi hapa mlimani, na ni wangapi Wete na Micheweni, waliochomwa sindano za ugonjwa wasiokuwa nao, na huku ugonjwa waliokuwa nao ukiendelea kuwala?

Vidonda navyo vina kisa chake. Zamani ilisemwa duniani kote kwamba kidonda cha tumbo huletwa na fikira nyingi na pilipili, na vijijini kwetu bado husemwa hivyo. Lakini tangu mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waliona kwamba mwenye kosa kubwa ni kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, kikaacho katika ukuta wa tumbo. Walipokataa kusadikiwa, Marshall mwenyewe alikinywa kijidudu hicho mwaka 1984, akaugua tumbo, akathibitisha. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu 1994 kijidudu hicho kimo katika orodha ya visababishi vya saratani iliyotolewa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani. Nacho hupimika kwa kinyesi, bila ya mpira wala kisu. Ila kipimo cha damu, ambacho ndicho rahisi kupatikana, hakiwezi kumtenga aliyekuwa nacho zamani na aliye nacho sasa. Na hata kile cha kinyesi hudanganya, kikasema hapana na huku kipo, ikiwa mgonjwa amemeza vidonge vya kuzuia asidi katika wiki mbili zilizopita, au antibiotiki katika wiki nne. Ni nani amewaambia watu haya?

Sasa wapo watakaosema: hayo ni ya bara, sisi visiwani yatuhusu nini? Ndugu zetu, yatuhusu zaidi. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, ina bajeti yake, ina Baraza lake la Wawakilishi. Katika jambo hili hatuwezi kunyoosha kidole Dodoma. Mtu wa Kifungilo akizidiwa atateremka Mombo, Korogwe, Muheza, mpaka Tanga, na njia yote ni nchi kavu. Mtu wa Msuka au wa Kojani akizidiwa ana bahari mbele yake, na pengine akifika Unguja ataambiwa avuke bahari ya pili kwenda Dar es Salaam.

Tena visiwani ndiko tulikopata ushahidi kwamba jambo hili lawezekana. Pale Wawi, nje ya Chake Chake, tangu mwaka 2000 ipo Maabara ya Afya ya Jamii iitwayo Ivo de Carneri, kwa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Kabla ya hapo ilikwisha julikana kwamba karibu kila mtoto wa skuli Pemba alikuwa na minyoo, na wengi walikuwa na aina mbili au tatu kwa pamoja. Ilijulikanaje? Kwa kipimo ambacho hata sisi wenye duka twakifahamu, maana ni kazi ya vipimo. Kinyesi hupitishwa katika chekecheke, hujazwa katika tundu la kibati lenye kiasi cha miligramu 41.7, hufunikwa kwa karatasi laini iliyolowekwa katika gliserini, kisha mtu hukaa na hadubini akahesabu mayai ya minyoo. Hesabu yake huizidisha mara 24, akapata idadi ya mayai kwa gramu moja. Kazi yote hiyo haihitaji jumba la ghorofa. Yahitaji hadubini, vifaa vichache, na kijana aliyefundishwa, mwaminifu, asiyechelewa, kwani mayai ya safura hutoweka machoni yasiposomwa ndani ya saa moja hivi. Vijana wa Kipemba wamekuwa wakiifanya kazi hiyo miaka yote hii, na matokeo yao husomwa na mabingwa wa dunia.

Hatuna kinyongo na Wataliano waliotusaidia kuijenga maabara ile na kuiendesha. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ajabu ya kwetu ni kwamba mgeni amelima zaidi ya miaka 20, na mwenyeji ndiye aliyeketi mkekani akingoja mavuno. Mwenye kutegemea cha ndugu hufa masikini. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa saini ya mtu mmoja, na miradi ya afya ikayumba katika nchi nyingi za Afrika. Lililotokea Washington laweza kutokea Milano au London siku yoyote. Je, siku hiyo kinyesi cha mtoto wa Pemba kitapimwa kwa fedha za nani?

Wakubwa watatujibu kwamba wamejenga. Ni kweli, wamejenga. Hatutaki kuwa watu wa kukanusha jua la mchana. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, na miaka hii ya karibuni hospitali mpya za wilaya zimesimama Unguja na Pemba. Bara nako ulikuwapo mpango wa 2007 hadi 2017 wa kuweka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Twashukuru kwa kuta. Lakini sisi ni watu wa duka, na twajua kwamba duka si rafu. Rafu hununuliwa mara moja, na siku ya kufunguliwa hupigwa picha. Duka ni bidhaa, na bidhaa huisha, na ikiisha yataka kununuliwa tena, mwezi baada ya mwezi, bila ya utepe kukatwa wala ngoma kupigwa. Katika maabara bidhaa hiyo huitwa vitendanishi. Hadubini bila ya vitendanishi, na mpira wa kupimia tumbo bila ya maji safi ya kuusafishia, bila ya umeme wa kutegemewa na bila ya fundi wa kuutengeneza, ni pambo la ukumbini.

Watatujibu pia kwamba ipo bima. Mwaka 2023 Zanzibar ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vyema. Lakini kadi ya bima hulipia kilichopo. Ikiwa kipimo hakipo, kadi italipia nini? Kadhalika neno bure: tangu Mapinduzi ya 1964 tumeambiwa kwamba matibabu ni bure. Kitu kisichokuwapo nacho ni bure, na wala hakimponyi mtu.

Na watasema jawabu lao la mwisho, kwamba kipimo cha kumeza mpira ni ghali, hakiwezi kuwekwa kila shehia. Wallahi hatujamsikia mtu mwenye akili akidai hivyo. Tunalodai ni mpango wa ngazi, kila ngazi na kazi yake. Kituo cha afya kipime kinyesi kwa hadubini, kipime wingi wa damu, damu iliyojificha katika choo, na kijidudu cha vidonda kwa njia ya kinyesi. Hospitali ya wilaya iongeze picha ya mawimbi ya sauti kwa ajili ya ini na nyongo, na vipimo vya homa ya ini. Hospitali ya rufaa, moja Pemba na moja Unguja, iwe na mpira na watu wawili au watatu waliofundishwa kuutumia, si mmoja ambaye akienda likizo kazi husimama. Na kipimo kisichoweza kufanywa kijijini, basi kichupa ndicho kisafiri kwa pikipiki na kwa boti, mgonjwa abaki nyumbani kwake. Kichupa hakilipi nauli wala hakilali gesti.

Lawezekana hilo? Tulikwisha lifanya. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Kilipoletwa kipimo cha haraka cha malaria mpaka katika vituo vidogo, na kikaletwa kila mwezi bila ya kukatika, mazoea ya kukisia yalipungua. Leo Zanzibar hutajwa duniani kwa kuishusha malaria. Hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na mpango, fedha iliyotengwa, na kipimo mkononi mwa muuguzi wa shehia. Lililofanywa kwa damu ya kidole haliwezi kushindikana kwa choo, ila kwa sababu moja: choo hakina heshima katika hotuba.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, kwani asiyejilaumu hana haki ya kulaumu. Wako wenye maduka, tena wengine ni ndugu zetu, ambao huweka antibiotiki chini ya meza na kumuuzia mtu vidonge viwili vitatu akiumwa tumbo. Hilo ni kosa katika sheria na ni dhambi katika dini. Mizani yetu hukaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, na mwenye kupunja robo ya sukari hutozwa faini. Tulifundishwa chuoni, tukiwa bado wadogo, kwamba kupunja kipimo ni katika madhambi makubwa. Je, kumpunja mtu uhai wake ni dhambi ndogo? Na sisi wagonjwa pia tunapenda mkato: twaona haya kupeleka kichupa cha choo, twaona fakhari kuchomwa sindano. Haya hii inatuua.

Basi ndugu wanachama, tunapendekeza matawi yafanye yafuatayo.

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wakaulize kwa adabu katika kituo cha afya cha shehia yao: ni vipimo gani vya tumbo hufanyika hapa, na ni siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita havikufanyika kwa kukosa vitendanishi? Majibu yaandikwe na kuletwa makao makuu ya chama. Hoja yenye tarehe haijibiwi kwa vijembe.

Pili, Wawakilishi wetu wadai barazani kwamba fedha za vitendanishi ziwe na fungu lake peke yake katika bajeti, lisichanganywe na majengo wala magari. Tena waulize: mwezi wa Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mwaka huu Zanzibar imetenga asilimia ngapi, na katika hizo kilichofika maabara ni kiasi gani?

Tatu, Wawakilishi waulize mfuko wa bima hulipia vipimo gani vya tumbo, katika vituo gani vya Pemba, na orodha hiyo ibandikwe mlangoni mwa kila kituo ili mwananchi aisome.

Nne, kila mwanachama awafundishe wa nyumbani kwake dalili zisizongoja: kutapika damu, choo cheusi kama lami, kushindwa kumeza chakula, na kukonda au kuishiwa na damu bila ya sababu. Mwenye hizo asipewe dawa ya kukisia. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatuombi sadaka. Mkulima wa karafuu na mvuvi wa Kojani hulipa kodi katika kila kilo ya sukari wanayoinunua; sisi wenye maduka ndio tunaoikusanya, na twajua uzito wake. Kodi hiyo hupimwa kwa mizani iliyopigwa chapa. Tunachotaka ni kwamba mlipaji naye apimwe kwa mizani kama hiyo siku atakapoumwa.

Jirani yetu wa Kifungilo amepona, lakini kiunga chake cha bondeni kingali mikononi mwa mtu mwingine, na kila asubuhi hukipita akienda kulima kwa kibarua. Hatutaki Pemba na Unguja kuwe na watu wanaopita mbele ya mashamba yao namna hiyo.

Wabillahi taufiq.